Kupima kifua na kuandika ulichokipata: kwa tabibu anayeanza wodini Tabora

Ukifungua faili la mgonjwa wa kikohozi ukakuta pameandikwa "kifua safi" na sahihi chini yake, ujue umepata sahihi tu. Hujui alipimwa amekaa au amelala, mbele au mgongoni, akiwa na oksijeni au bila oksijeni. Saa nane usiku mgonjwa huyo akianza kuhangaika, mwenzako wa zamu hana cha kulinganisha. Atapima upya kana kwamba mgonjwa ndiyo kwanza anaingia getini, na hatajua kama sauti anazozisikia chini kulia zilikuwapo tangu asubuhi au zimeanza sasa hivi.

Kwa hiyo wewe unayeanza kazi, iwe Kitete mjini, iwe hospitali ya wilaya Nzega au Urambo, iwe kituo cha afya ambacho eksirei iko safari ya basi, shika hili kwanza: unampima mgonjwa kwa ajili ya mtu atakayempima baada yako. Mengine yote yaliyo hapa chini yanatoka hapo.

Kabla ya kumgusa

Salamu ni sehemu ya uchunguzi. Mzee uliyemwamkia shikamoo, au mwangaluka kama ni asubuhi na unaona Kinyamwezi ndiyo lugha yake, atakujibu, na katika kujibu atakuonyesha pumzi yake. "Marahaba mwanangu, sijambo, ila kifua hiki kinanibana tangu juzi." Akiyasema hayo kwa mkupuo mmoja, ana hewa ya kutosha kwa sasa. Akisema "marahaba", akavuta hewa, "kifua", akavuta tena, basi umeshapata jambo la kuandika: hamalizi sentensi. Usisubiri stethoskopu ikuambie hilo.

Fungua madirisha. Mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi mpe barakoa, na anayeishi na VVU mpe hata kama kikohozi kimeanza jana. Ukimpima, kaa ubavuni kwake, usikae mbele ya mdomo wake. Ukimwambia akohoe, mwelekeze uso dirishani.

Kisha kazi yake. Wengi huandika "mkulima" wakapita, na kwa Tabora neno hilo halisemi kitu. Mkulima wa Kaliua, Urambo au Sikonge anaweza kuwa mtu anayekesha kwenye bani, kibanda cha kukaushia tumbaku, akichochea kuni, moto usiozimwa usiku na mchana kwa karibu wiki nzima kila anapojaza bani. Mkulima wa Igunga anaweza kuwa anashinda kwenye vumbi la pamba. Na "mkulima" wa Nzega huenda miaka kumi iliyopita alikuwa akiponda mawe ya dhahabu; vumbi la mawe hayo huharibu mapafu taratibu, dalili hutokea miaka mingi baadaye, na pafu lililokwisha kuharibiwa hivyo hukaribisha kifua kikuu. Uliza kazi ya sasa, kazi ya zamani, na mama muulize anapikia wapi na kwa nini: kuni, mkaa au gesi, ndani au nje.

Mwombe avue nguo mpaka kiunoni. Kwa mama, mwite muuguzi wa kike kama wewe ni mwanamume, mpe kanga, funua sehemu unayoipima na ufunike unayoiacha. Kupima juu ya gauni kwa sababu ya haya si heshima, ni kumnyima huduma. Utasikia kitambaa na hutasikia pafu. Kwa kupima mbele, mwegemeze kwa nyuzi 45 hivi. Kwa kupima nyuma, akae wima na akumbatie mabega yake mwenyewe, mkono wa kulia bega la kushoto na wa kushoto bega la kulia, ili makombe ya mabega yafunguke na kuacha nafasi.

Hesabu dakika nzima

Idadi ya pumzi ndiyo kipimo kisichohitaji kifaa zaidi ya saa, na ndicho kinachoandikwa kwa kubuni kuliko vyote. Ukikuta wodi nzima kila mgonjwa anapumua mara 20 kwa dakika, hakuna aliyehesabu.

Usimwambie mgonjwa kwamba unahesabu pumzi, maana mtu akijua hupumua kwa makusudi. Shika kifundo cha mkono kama unayehesabu mapigo, macho yako yawe kwenye kifua au tumbo, na uhesabu sekunde 60 kamili. Ukihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa 4, pumzi moja uliyoikosea inakuwa nne, na nne zinatosha kumtoa mtu kwenye hatari kwa kalamu. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20. Mwenye nimonia anayefikia 30 ni mgonjwa mahututi hata kama anakutania. Mwenye pumu akifika 25, mapigo 110, na hamalizi sentensi, shambulio lake ni kali.

Kwa watoto mipaka ni ile ya mwongozo wa magonjwa ya utotoni, na inatakiwa uijue bila kutazama ukutani: chini ya miezi miwili, 60 au zaidi ni kupumua haraka, miezi miwili hadi kumi na miwili, 50 au zaidi, mwaka mmoja hadi mitano, 40 au zaidi. Kichanga hupumua kwa vipindi, mara haraka, mara anatulia, ndiyo maana robo dakika haifai kwake kabisa; na ukipata 60 au zaidi, hesabu mara ya pili. Mtoto awe amepakatwa na mama yake, hanyonyi, halii, nguo imepandishwa. Akilia, ngoja. Usimwambie mama "mnyamazishe" halafu ukasimama juu yao na koti jeupe. Rudi nyuma hatua mbili, ongea na mama, mtoto atakusahau.

Hapohapo tazama kifua kubonyea. Sehemu ya chini ya kifua, pale mbavu zinapoishia, inatakiwa itoke nje mtoto anapovuta hewa. Ikiingia ndani kila anapovuta, andika hivyo. Ikiingia anapolia tu, haihesabiki. Pua iliyoziba nayo inaweza kuleta kubonyea. Safisha pua, kisha tazama tena.

Pumzi nyingi zenye kifua kisicho na sauti yoyote mbaya zikufanye uwe macho zaidi. Kwa mkoa huu fikiria kwanza malaria kali, mtoto anavuta pumzi ndefu za ndani kwa sababu damu imekuwa na asidi. Fikiria upungufu mkubwa wa damu. Kwa mtu mzima fikiria sukari. Na kwa anayeishi na VVU, pafu linaweza kuumwa vibaya sana huku stethoskopu inakuambia karibu kila kitu ni sawa. Mtembeze kidogo wodini kama anaweza, kisha tazama oksimita, kile kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni. Ikishuka, kifua hicho si kizima.

Oksimita nayo ina hila zake. Kidole kikiwa baridi, au kina hina au rangi ya kucha, namba haiaminiki. Ngoja mpaka mapigo yanayoonyeshwa na mashine yalingane na unayoyahesabu kwa mkono, ndipo uandike. Chini ya asilimia 90 ni upungufu wa oksijeni, mpe oksijeni. Mwenye ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, wale wavutaji sigara na wapikia moshi wa miaka mingi, mlenge 88 hadi 92, usimlazimishe 99. Na aliyelala chumba kimefungwa na jiko la mkaa likiwaka, jambo linalotokea baridi ya Juni na Julai, oksimita inaweza kumwonyesha 98 huku anakufa. Kifaa hicho hakitofautishi oksijeni na sumu ya moshi wa mkaa.

Usitegemee rangi ya bluu. Kwa ngozi zetu itafute kwenye ulimi na ndani ya midomo, si kwenye kucha. Na rangi hiyo haionekani mpaka damu iwe na karibu gramu 5 za himoglobini isiyo na oksijeni kwa kila desilita. Mtoto wa selimundu au wa malaria mwenye himoglobini 5 jumla hatageuka bluu kamwe. Atakuwa mweupe viganjani, basi.

Mikono, mdomo, shingo

Hapa haichukui muda. Mwambie abandike kucha za vidole viwili vinavyofanana, kwa mfano vya shahada, mgongo kwa mgongo. Kati yake panatakiwa paonekane upenyo mdogo wenye umbo la almasi. Upenyo ukipotea, kucha zimevimba kuwa virungu: tafuta usaha wa muda mrefu kifuani, makovu, mirija ya hewa iliyotanuka, saratani. Ugonjwa wa moshi na sigara peke yake hauleti kucha hizo, kwa hiyo ukizikuta kwa mvutaji wa miaka mingi usiridhike na jibu la sigara.

Mtazame kooni. Mtoto wa kikohozi kisichoisha huenda alikatwa kimeo. Utakuta kidonda, damu au usaha. Kifuani unaweza kukuta chale, na mara nyingi ziko palepale panapouma. Ziandike kama unavyoandika kovu lolote: mahali, ukubwa, mpya au za zamani. Kumgombeza mama mbele ya wodi kutakuhakikishia kwamba mwakani hatakuja.

Trakea, bomba kuu la hewa, ipapase kwa kidole kimoja kwenye kibonyeo kilicho juu ya mfupa wa kidari, ulinganishe nafasi ya kulia na ya kushoto. Inauma kidogo, mwonye kabla. Ikisukumwa, upande wa pili una maji mengi au hewa iliyobana. Ikivutwa, upande inakoelekea pafu limesinyaa au lina makovu. Tezi za shingo na za juu ya mtulinga zipapase ukiwa nyuma yake, naye ameinamisha kidevu kidogo.

Ukiwa bado nyuma, tazama uti wa mgongo. Kigongo chenye ncha kali katikati ya mgongo wa kijana ni kifua kikuu cha mifupa mpaka kithibitike kuwa kingine.

Kwa kupanuka kwa kifua, shika mbavu za chini kwa viganja, dole gumba zikutane katikati bila kukandamiza, mwambie avute hewa ndefu. Dole gumba zinatakiwa ziachane sawasawa. Inayobaki nyuma ndiyo iko upande wenye ugonjwa. Mtetemo wa sauti upime kwa neno moja la kunguruma, "arobaini" linatosha, lilelile na kwa sauti ileile kila mahali. Kila unapohamisha mkono unalinganisha na upande wa pili, basi.

Kugonga kifua

Hapa ndipo wanaoanza wanapokimbia, wanagonga mara mbili mgongoni ili mkufunzi aone. Ni haki yao kuogopa, maana mkono usiozoea hautoi sauti. Dawa yake iko nyumbani. Chukua dumu la lita 20, lijaze maji nusu, lifunge, lisimamishe. Fumba macho, gonga kuanzia juu ukishuka. Palipo na hewa patalia, palipo na maji patakufa. Weka alama kwa chaki pale unapodhani maji yanaanzia, fumbua macho, utazame umekosea kwa vidole vingapi. Ukifika kwenye tofauti ya kidole kimoja mara kumi mfululizo, nenda wodini. Ndivyo ufundi huu ulivyoanza: Leopold Auenbrugger, daktari wa Austria aliyeuandika mwaka 1761, alikuwa mtoto wa mwenye nyumba ya wageni, na mapipa ya mvinyo yalijulikana kiasi chake kwa kugongwa. Hata mrina asali wa Sikonge angemwelewa bila mkalimani.

Mkono wenyewe unakuwa hivi. Kidole cha kati cha mkono wa kushoto kinabanwa vizuri ndani ya uwazi kati ya mbavu mbili, kikiwa sambamba na mbavu, na vidole vingine vyote vimenyanyuka. Vikigusa ngozi vinameza sauti. Ncha ya kidole cha kati cha kulia, kilichopinda kama nyundo, inapiga kwenye kiungo cha mwisho cha kile cha kushoto. Mwendo utoke kwenye kifundo cha mkono, si kwenye kiwiko wala begani. Piga mara mbili, nyanyua upesi. Kidole kinachobaki kimelala kinaua mlio. Kucha ziwe fupi, la sivyo utajichubua mwenyewe kabla ya kumaliza mgonjwa wa tatu.

Gonga mtulinga moja kwa moja, kisha mbele, makwapani, na nyuma, kila mara kulia na kushoto kabla ya kushuka. Usigonge juu ya kombe la bega, ni mfupa na nyama. Na usishangae kukuta uzito chini kulia mbele: kuanzia uwazi wa tano wa mbavu hivi, kwenye mstari wa katikati ya mtulinga, hilo ni ini. Kushoto karibu na kidari ni moyo. Maeneo hayo mawili yakilia wazi badala ya kuwa mazito, ndipo ujiulize, maana mapafu yamejaa hewa kupita kiasi.

Milio iko minne ya kukumbuka. Wa kawaida. Mzito, pafu limejaa usaha likawa gumu. Mfu kabisa, kama kugonga paja lako au ukuta wa tofali, hayo ni maji; na kidole chenyewe kitahisi ugumu kabla sikio halijasikia. Na wa kulia sana kama debe tupu, hiyo ni hewa iliyovujia nje ya pafu, au mapafu yaliyotuna. Maji yakiwa chini ya mililita 300 hivi usitegemee kuyapata kwa kugonga.

Kusikiliza

Ncha za stethoskopu za masikioni zielekee mbele, upande wa pua yako. Wengi huvaa kinyume na kulaumu kifaa. Gusa utando taratibu kuhakikisha kichwa kimefunguka upande huo. Ifute kwa spiriti ya asilimia 70 kati ya mgonjwa na mgonjwa, ipashe joto kiganjani.

Mwambie, "Fungua mdomo, vuta hewa ndefu, achia." Kama hakuelewi, usipandishe sauti, fanya mwenyewe, atakuiga. Apumue kwa mdomo, kwa sababu pua hutengeneza kelele zake. Asipumue haraka mfululizo, atapata kizunguzungu na kuanguka. Pumziko dogo kila baada ya sehemu nne au tano linatosha. Kifua chenye nywele nyingi hutoa mchakacho unaofanana na krepitesheni, yaani michakacho ya pafu lenye ugonjwa. Bonyeza zaidi au lowesha nywele kwa maji. Mgonjwa anayetetemeka kwa homa misuli yake hunguruma. Mpira wa stethoskopu ukigusa shuka, utausikia.

Sikiliza juu ya mitulinga, mbele mara tatu kila upande, kwapani mara mbili, nyuma mara nne hadi tano. Kwa nini kote huko? Kwa sababu mgongoni unasikia zaidi sehemu za chini za mapafu, na sehemu ya kati ya pafu la kulia haisikiki mgongoni kabisa. Iko mbele, chini ya ubavu wa nne, na kwapani. Aliyepima mgongo peke yake ameiruka nimonia ya hapo, na mgonjwa amerudi nyumbani na dawa ya mafua. Ukitaka kuhesabu mbavu usianzie juu. Papasa mfupa wa kidari mpaka upate kituta kinachokatiza, ubavu unaoanzia hapo ni wa pili. Ncha ya chini ya kombe la bega iko karibu na ubavu wa saba.

Pumzi ya kawaida ina mvuto mrefu na mtoko mfupi, bila kituo kati yake. Pumzi ya kibronkasi ina mtoko mrefu sawa na mvuto au kuuzidi, na kuna kituo kidogo katikati. Hujawahi kuisikia? Weka stethoskopu kwenye trakea yako mwenyewe sasa hivi. Sauti hiyo ikisikika chini mgongoni, mahali isipostahili, pafu hapo ni gumu.

Kisha sauti za ziada. Mluzi husikika zaidi wakati wa kutoa hewa, pande zote kwa pumu. Mluzi wa mahali pamoja tu kwa mtoto mdogo uulizie punje ya mahindi au karanga. Krepitesheni nyembamba ni kama kusugua nywele chache kati ya vidole karibu na sikio. Nzito ni kama maji yakibubujika yakimiminwa kutoka kwenye chupa. Mwambie akohoe, sikiliza tena. Zikiondoka yalikuwa makohozi. Zikibaki, andika zimebaki. Msuguano wa utando wa pafu unalia kama ngozi mpya ya kiatu, wakati wa kuvuta na wa kutoa, na mgonjwa atakuonyesha kwa kidole kimoja panapouma. Stridori, mlio mkali wa kuvuta hewa kwa mtoto aliyetulia, inasikika bila kifaa, na ikisikika usimlaze wala usimchokonoe koo kwa kijiko.

Na kifua cha pumu kilichonyamaza. Mgonjwa anahangaika, anatoka jasho, halafu mluzi unapotea. Mgeni wa kazi huandika "mluzi umeisha, anaendelea vizuri". Mluzi unahitaji hewa ili ulie. Ukimya huo ni hewa kuisha. Ita msaada sasa, kalamu baadaye.

Hakuna dalili moja inayotosha peke yake, unaziunganisha. Mlio mzito, pumzi ya kibronkasi na mtetemo wa sauti ulioongezeka: nimonia. Mlio mfu, pumzi hafifu au hakuna, mtetemo umepotea: maji. Mlio wa debe, pumzi hakuna, mtetemo umepotea: hewa nje ya pafu. Hawa wawili wa mwisho wote wananyamaza kwenye stethoskopu, na kugonga ndiko kunakowatenganisha, ndiyo maana tumekaa sana kwenye dumu la maji. Hewa hiyo ikiwa imebana, presha inashuka na mishipa ya shingo imevimba, usimpeleke eksirei. Na usisubiri trakea isogee, kwani husogea ikiwa imechelewa.

Kwenye karatasi

Faili zetu zinaandikwa kwa Kiingereza, lakini mpangilio wa mawazo ni mmoja. Hivi ndivyo uandishi unaosomeka unavyokuwa, kwa mgonjwa wa mfano:

"10:15. Amekaa, bila oksijeni. Anamaliza sentensi. Pumzi 28 kwa dakika nzima. Oksijeni 91%. Mapigo 112. Joto 38.9. Ulimi si wa bluu, kucha si virungu, hakuna tezi shingoni. Trakea katikati. Kupanuka kumepungua kulia. Kugonga: mlio mzito nyuma kulia, kuanzia ncha ya kombe la bega kushuka, kwingine kawaida. Kusikiliza: pumzi ya kibronkasi na krepitesheni eneo hilohilo, hazikuondoka alipokohoa. Mtetemo wa sauti umeongezeka hapo. Kushoto pumzi ya kawaida, hakuna sauti za ziada. Hakuna mluzi wala msuguano."

Angalia mambo matatu. Neno nimonia halimo. Lina mahali pake chini, kwenye maoni yako, ambapo linaweza kuwa si sahihi bila kuharibu yaliyoonekana. Pili, yasiyokuwapo yametajwa, kwa sababu usipoandika "hakuna mluzi" msomaji hajui hukuusikia au hukuutafuta. Usichokipima kiandike hivyo: "mgongo haukupimwa, hawezi kukaa". Hakuna aibu hapo. Aibu ni kuandika kawaida.

Tatu, saa. Tunasema saa nne asubuhi, lakini faili linasoma saa 24. Ukiandika 4:15 kwa mazoea, mmoja ataielewa alfajiri, mwingine saa nne usiku, na dawa ya kila saa sita itapotea njia. Andika 10:15.

Neno la mgonjwa liweke lilivyo ndani ya alama za kunukuu. "Nabanwa mbavu" usiligeuze kuwa maumivu ya kifua mpaka umemuuliza kama ni maumivu au ni kukosa hewa. Wengi husema kifua wakimaanisha kikohozi. Wengine husema moyo huku mkono uko chembe ya moyo, juu ya tumbo.

Akiwa kwenye oksijeni, andika kifaa na lita: "94%, mirija ya pua, lita 2 kwa dakika". Asilimia bila lita haisaidii. Mtu anaweza kubaki 94 tangu asubuhi hadi jioni huku lita zimepanda kutoka 2 hadi 8, na kwenye chati akaonekana hajabadilika.

Mchoro mdogo wa mapafu mawili uliotiwa vivuli na mshale unachukua sekunde 20, na una thamani kuliko aya nzima ya mwandiko wetu. Kumbuka tu kwamba ukichora mgongo, kulia kwa mgonjwa ni kulia kwa karatasi, na ukichora mbele ni kinyume. Andika herufi juu yake. Sindano ya kutoa maji imewahi kuchomwa upande usio na maji kwa mchoro usio na herufi, na si mahali pamoja.

Ukikosea, piga mstari mmoja, neno la kwanza libaki linasomeka, weka tarehe, saa na sahihi. Usifute kwa wino mweupe. Kwenye hospitali zinazotumia kompyuta, usinakili maandishi ya jana ukayabandika leo. Krepitesheni za Jumatatu hubaki hai kwenye mfumo mpaka Ijumaa, mgonjwa amekwisha kupona au pafu la pili limekwisha kujaa.

Baada ya kila tendo, rudia na uandike tena: baada ya nebulaiza, mashine ya kuvutia dawa kama mvuke, dakika 20 hivi, baada ya kutoa maji kifuani, ambayo kwa mkupuo mmoja hayazidi lita moja na nusu, gonga ulipogonga mwanzo na useme mpaka wa mlio mfu umeshuka hadi wapi. Kama unaweza, tia alama ya kalamu kwenye ngozi kwa ruhusa yake. Mwenzako wa zamu ya usiku ataweka kidole hapohapo.